Nguo kumi za masika: barua kwa mwanangu aliyeko Bukoba

Nyakato, Mwanza
Machi

Mwanangu mpendwa,

Mwangaluka. Sisi huku hatujambo. Baba yako anakusalimu, na anauliza kama hicho chumba ulichopanga hakivuji, maana mvua za huko anazijua. Begi la bluu nimelikabidhi kwa wakala wa basi leo mchana. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mabasi hayalali tena kwenye foleni ya kivuko, kwa hiyo kesho jioni uwe stendi. Lipokee mwenyewe, usimtume bodaboda.

Ulinipigia ukasema mshahara wa kwanza ukiingia utaanza na nguo za kazini. Nimekuwahi. Nimekaa kwenye cherehani hii miaka mingi na nimewaona wasichana wengi wakianza kazi: mshahara wa kwanza unaishia kwenye magauni manne ya rangi nne, kila gauni na kiatu chake na mkoba wake, na mwezi wa pili mtu anasimama mbele ya kabati lililojaa akilalamika hana cha kuvaa. Hana kweli, kwa sababu kila alichonunua kinataka mwenzake ambaye hajamnunua. Ndani ya begi utakuta nguo kumi tu. Soma barua hii mpaka mwisho ndipo uanze kunung'unika.

Anza na zile za chini, ziko tatu. Suruali ya nevi bluu, sketi ya kijivu, na kadeti ya kaki. Zote hazina maua wala mistari, na hilo nimelifanya kwa makusudi. Nguo ya maua watu huikumbuka. Ukivaa sketi ya maua makubwa Jumatatu ukairudia Alhamisi, ofisi nzima itajua. Sketi ya kijivu ukiivaa mara tatu kwa wiki na blauzi tofauti, hakuna atakayeiona. Macho ya watu huwa juu, usoni na kifuani, huko ndiko nilikoweka mambo.

Za juu ni tano: shati jeupe, shati la bluu ya anga, blauzi ya damu ya mzee, fulana ya rangi ya maziwa isiyo na maandishi, na blauzi ya kitenge. Kitenge hicho nilikitafuta maduka matatu pale mjini, kwa sababu nilitaka chenye nevi, damu ya mzee na rangi ya haradali kwa pamoja. Muuzaji wa mwisho alidhani namtania. Ndicho kinachofunga hesabu yote: kwa kuwa kina nevi kinakaa na suruali, kwa kuwa kina haradali kinakaa na kadeti, na kijivu hakigombani na mtu. Tatu mara tano ni kumi na tano. Ongeza sweta la vifungo na koti jepesi: kila vazi kati ya hayo kumi na tano unaweza kulivaa lilivyo, au na sweta, au na koti, na umefika arobaini na tano. Siku za kazi za masika yote ya huko, hata zikizidi hizo, hazitazidi kwa kiasi cha kukutia aibu.

Sasa kwa nini tano na si nane? Hapa ndipo masika yanapoingia. Bukoba hunyeshewa karibu milimita 2,000 kwa mwaka, takriban maradufu ya huku Mwanza, kwa sababu upepo wa mashariki unavuka ziwa lote ukikusanya unyevu na kwenda kuumwaga upande wenu. Kwa hiyo ukipanga nguo, usihesabu siku za kuvaa peke yake, hesabu na siku za kukauka. Pamba tupu ukiifua jioni mwezi wa Aprili na kuianika chumbani, siku mbili inaweza kuwa bado mbichi kwenye kola na kwenye mishono. Ndiyo maana suruali na sketi nimezishona kwa kitambaa cha tetroni (poliesta) mchanganyiko: hakinywi maji mengi, kikining'inizwa usiku penye hewa asubuhi kinapigwa pasi na kuvaliwa. Pamba nimeiacha juu, kwenye shati jeupe, fulana na kitenge, kwa sababu kwapani panahitaji pamba, tetroni hapo itakutoa jasho na harufu. Fua nguo mbili za juu Jumatano usiku, zilizobaki Jumamosi, na hutakwama. Zikiwa nane utazirundika kwenye beseni mpaka Jumapili, na rundo la nguo mbichi wakati wa masika huota ukungu. Madoa ya ukungu kwenye pamba nyeupe hayatoki kirahisi, wateja huniletea nikidhani naletewa mishono.

Usianike kwenye majani wala kwenye ua wa migomba hata jua likiwaka. Kuna inzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi na kutengeneza jipu. Pasi ya moto, ndani na nje, hasa kwenye mishono na mikanda, inaua mayai hayo. Umeme ukikatika, jirani hatakosa pasi ya mkaa.

Kitenge kifue peke yake mara ya kwanza, kinaweza kuchuja. Nilikiloweka kabla sijakikata ili kisipungue baadaye, lakini rangi siwezi kuiapia.

Koti la kaki ni la mtumba. Nilikwenda soko la Mlango Mmoja alfajiri, wakati belo zinafunguliwa, kwa sababu saa nne wanaopenda kuchagua wameshachagua. Usione haya kulivaa. Huko Ulaya makoti ya namna hii hutengenezwa kwa ajili ya majira ya machipuo, Machi mpaka Mei, ambapo asubuhi ni baridi, mchana jua, na mvua inashuka bila hodi. Ukiondoa baridi yao kali, ndiyo hali yenu hiyo: alfajiri nyuzi 16 au 17, mchana 26. Wao huvaa nguo nyepesi moja juu ya nyingine na kupunguza kadiri siku inavyopata moto, nawe fanya hivyohivyo, fulana, shati likiwa wazi, kisha koti. Sweta zito moja lingekutesa saa sita mchana. Ukienda kununua mtumba mwenyewe, geuza nguo ndani nje kwanza. Angalia kwapani na kwenye makutano ya miguu, vuta zipu mara mbili, inua kitambaa kwenye jua uone kama kimepukutika. Kifungo kilichopotea si tatizo, hata bitana iliyochanika nitaishona. Kwapa lililofifia rangi liache hapohapo hata wakikupa kwa bei ya nyanya.

Kuhusu mishono. Sketi nimeipanua kidogo chini, sikuifanya ya kubana, kwa sababu utapanda bodaboda kwenda vijijini na sitaki usikie watu wakisema binti wa fundi kachanika barabarani. Isitoshe utumishi wa umma una waraka wake wa mavazi wa mwaka 2007, na nguo za kubana na fupi zimo kwenye makatazo. Suruali nimeiishilizia juu ya kifundo cha mguu ili isifagie tope. Udongo wa huko ni mwekundu na ukishika pindo unakaa; kwa sababu hiyohiyo hukupata suruali ya rangi ya maziwa uliyonionesha kwenye simu. Ni nzuri, sibishi, ila itavaliwa siku moja. Ndani ya mapindo nimeacha sentimita tano, ukitaka kuteremsha fundi yeyote ataweza. Kiunoni nyuma kuna lastiki, ndizi za huko ni tamu.

Viatu sijakutumia. Nunua vyeusi vya kudumbukiza vyenye kisigino kifupi kwa ofisini, na mabuti ya mvua kwa njiani. Jozi hizo mbili zinatosha mpaka Juni.

Mshahara ukiingia na mkono ukawasha, nenda dukani lakini uwe na kanuni hii: nguo ya juu isiyokaa na zote tatu za chini inabaki dukani. Ikikaa na mbili tu, bado inabaki dukani. Na kila inayoingia, moja itoke, mpe mdogo wako au mtu wa jirani. Nikisema hivi dada yako ananicheka, anasema namfanya kila mtu avae sare ya shule. Yeye ana magauni kumi na mawili na wiki iliyopita aliniazima sweta. Wahaya nasikia wanajua kuvaa, usijaribu kushindana nao kwa wingi wa nguo, utalala njaa. Shindana kwa pasi.

Ndani ya mfuko wa koti kuna utepe wa kupimia. Jipime kiuno, nyonga na kifua asubuhi kabla hujala, unitumie namba kwa ujumbe wa simu kabla ya Jumapili, nataka kukata gauni lako la harusi ya binamu yako mwezi wa Juni. Sare imeshachaguliwa na kamati, ni rangi ya chungwa inayowaka. Haitaingia na hata moja katika hizo kumi. Nilipinga kwenye kikao, nikashindwa kwa kura.

Mama yako.