Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo wa Kenya: kabla ya pamba kuingia mdomoni

Mheshimiwa Waziri,

Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mwanamke anayetaka kushindana katika riadha ya dunia lazima kwanza apimwe jeni iitwayo SRY, ile ambayo kwa kawaida huanzisha mwili wa kiume tumboni mwa mama. Kupima kwenyewe ni jambo la dakika moja: kijiti chenye pamba kinasuguliwa ndani ya shavu, kinatiwa kwenye kichupa, kinapelekwa maabara. Mtu hupimwa mara moja tu maishani. Jeni isipoonekana, amepita. Ikionekana, njia imefungwa, isipokuwa kwa wachache watakaothibitisha kwamba miili yao haiitikii testosteroni, homoni ya kiume, hata kidogo. Kazi ya kupima imeachiwa mashirikisho ya nchi. Kwetu hilo ni shirikisho la riadha la Kenya, na ndiyo maana barua hii inakuja mezani kwako badala ya kupelekwa Monaco, yaliko makao makuu ya Shirikisho la Riadha Duniani.

Hatubishi kwamba kitengo cha wanawake kinahitaji mpaka. Kisingekuwapo, mwanamke asingepata hata nafasi ya fainali. Tunachouliza ni mpaka huo ulichorwaje, na ulipochorwa ulimpitia nani.

Mwanamume hapewi mpaka wa namna hii. Kwa vipimo ambavyo Shirikisho la Riadha Duniani lenyewe limevitumia, testosteroni ya mwanamume mzima ni kati ya nanomoli 7.7 na 29.4 kwa lita. Mwenye 29 hupanga mstari mmoja na mwenye 8, na akishinda tunasema amejaliwa. Eero Mäntyranta wa Ufini, mteleza kwenye theluji aliyechukua medali 7 za Olimpiki, alizaliwa na jeni iliyoijaza damu yake chembe nyekundu kupita kawaida. Hakuna kanuni iliyoandikwa kumtaka aipunguze. Kipaji cha mwili wa mwanamume huitwa kipaji. Cha mwanamke, hasa mweusi, hufunguliwa faili.

Rudi Rio, Agosti 2016, fainali ya mita 800. Caster Semenya wa Afrika Kusini alishinda kwa 1:55.28, Francine Niyonsaba wa Burundi akawa wa pili kwa 1:56.49, na Margaret Wambui wetu akapata shaba kwa 1:56.89. Wote watatu baadaye walizuiwa katika mbio hizo na kanuni za testosteroni. Kwa Burundi hiyo ilikuwa medali ya pili ya Olimpiki katika historia yake yote. Mkimbiaji wa Poland aliyemaliza wa tano aliwaambia waandishi wa habari kwamba anajihisi kama mshindi wa fedha, na kwamba anafurahi kuwa Mzungu wa pili kufika. Alichokisema yeye kwa mdomo, wengi walikuwa wakikisema mitandaoni kwa picha za mataya na mabega.

Mwaka uliofuata, wanasayansi wawili wa Shirikisho la Riadha Duniani walichapisha utafiti katika jarida la tiba ya michezo la Uingereza. Walilinganisha wanawake wenye testosteroni nyingi na wenye kidogo, mchezo kwa mchezo. Tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa kwenye kurusha nyundo, asilimia 4.53. Ikafuata kuruka kwa upondo, 2.94, kisha mita 400 za viunzi, 2.78, na mita 400 za kawaida, 2.73. Mita 800 zilikuwa na 1.78. Mita 1500 hazikuonyesha kitu. Kanuni ya 2018, iliyowataka wanawake wenye testosteroni nyingi ya kuzaliwa waipunguze ndipo washindane, ilipotoka, Mheshimiwa, ilihusu mbio za mita 400 hadi maili moja. Nyundo na upondo, michezo ambayo medali zake haziji Afrika Mashariki, viliachwa nje. Mita 1500 zikatiwa ndani. Tumeisoma orodha hiyo mara nyingi tukitafuta sababu ya kimaabara, na hatujaiona. Mwaka 2021 jarida lilelile lilichapisha masahihisho ya waandishi wenyewe: matokeo yao hayathibitishi kwamba homoni hiyo ndiyo chanzo. Kufikia hapo Wambui hakuwa akishindana tena katika mbio zake.

Kiwango cha juu cha testosteroni walichoruhusiwa nacho hakikutulia. Mwaka 2011 kilikuwa nanomoli 10, mwaka 2018 kikawa 5, na Machi 2023 kikawa 2.5, na safari hii kwa michezo yote. Niyonsaba alikuwa ameiacha mita 800 na kuhamia mbio ndefu, na Septemba 2021 kule Zagreb akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000 kwa 5:21.56. Alipokimbilia, kanuni ikamfuata.

Sasa tutaambiwa kwamba ubaguzi umekwisha kwa kuwa kila mwanamke anapimwa, awe wa Oslo au wa Iten. Kwa sehemu ni kweli: kipimo cha wote ni afadhali kuliko kuteua watu kwa sura. Lakini pamba ni moja, yanayofuata si mamoja. Binti wa Ulaya aliyezaliwa na jeni hii kwa kawaida aligunduliwa utotoni, ana daktari wa homoni na faili hospitalini. Sheria ya Ufaransa hata hairuhusu kipimo hiki kufanyika nchini humo bila sababu ya tiba. Binti wa Kapsabet au Lodwar atajua habari za mwili wake kwa mara ya kwanza kupitia barua ya shirikisho, pengine ikisomwa na kocha kabla yake.

Yako mambo yanayoharibika, na yanajulikana tangu zamani. Kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996 walipimwa wanawake 3,387 kwa jeni hiihii. Wanane walionekana nayo, na wote wanane waliruhusiwa kushindana baada ya uchunguzi kamili. Miaka mitatu baadaye Kamati ya Olimpiki ikaachana na upimaji huo. Andrew Sinclair, aliyeigundua jeni ya SRY mwaka 1990, ameandika kwamba haifai kwa kazi hii: inaonyesha kwamba jeni ipo, haionyeshi kama inafanya kazi wala mwili unaitumiaje testosteroni. Ameonya pia kwamba chembe ya ngozi ya fundi mwanamume maabara inaweza kuchafua sampuli na kuleta jibu la uongo. Kwa hiyo sampuli zichukuliwe na kushughulikiwa na wanawake, wenye glavu mpya kwa kila mtu, na jibu la "ipo" lisihesabiwe kuwa jibu mpaka sampuli ya pili, iliyochukuliwa siku nyingine, ipimwe katika maabara nyingine.

Jambo jingine ni "jeraha la ghafla". Mwaka 1985 huko Kobe, mkimbiaji wa viunzi wa Uhispania, María José Martínez-Patiño, aliambiwa na wakubwa wake ajifanye ameumia baada ya kipimo cha jinsia kumkataa. Baadaye alipokataa kujiondoa kimya kimya, habari zake zikavuja magazetini, akapoteza ufadhili wa masomo na mchumba. Alirudishiwa haki yake mwaka 1988. Binti akitolewa kambini wiki moja kabla ya safari, kijiji kizima kitajua ni nini bila kuambiwa. Dawa yake ni ratiba: wote wapimwe miezi sita kabla ya uteuzi, siku moja, pamoja na wasio na matumaini ya kuteuliwa, ili kutoonekana kwa mmoja kusiwe tangazo.

Sheria unazo tayari. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka taarifa za jeni kwenye fungu la data nyeti, na ya mtoto haiguswi bila ridhaa ya mzazi. Mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20 huwapokea hata wasichana wa miaka 16, kwa hiyo hilo si jambo la nadharia. Sensa ya 2019 iliwahesabu huntha 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja. Taifa lililowahesabu haliwezi kuwashangaa uwanjani.

Tunaomba bahasha ya majibu ifunguliwe na mwenyewe, mbele ya daktari wa homoni asiyelipwa na shirikisho. Gharama za uchunguzi wa pili na za rufaa kwenye mahakama ya michezo ya Lausanne zitoke kwenye mfuko wa michezo. Na kocha, meneja au daktari wa timu asimtajie mtu upasuaji wa kupunguza testosteroni. Mkimbiaji Annet Negesa wa Uganda alieleza hadharani mwaka 2019 jinsi upasuaji wa 2012 ulivyomwachia maumivu na kumkatia mbio. Shirikisho la dunia lilikana kuhusika, na kwa hiyo hakuna aliyewajibika.

Mwisho ni fomu ya ridhaa. Kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Fomu ya Kenya iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti kwa lugha ya nyumbani panapohitajika, na mstari wake wa kwanza, juu ya sahihi, useme: "Unaweza kukataa kipimo hiki. Ukikataa hutashindana kimataifa kwa upande wa wanawake, lakini utabaki kambini, posho yako haitakatwa, na hakuna atakayeambiwa kwa nini."