Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tunavyoitangaza asali yetu

Ndugu wanachama, shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari zenu. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe, na mambo ya mizinga na mafunzo katibu keshayatuma kwenye grupu, kwa hiyo mi nimebaki na jambo moja tu ambalo ndo limekula muda wetu mwingi mwaka huu: matangazo.

Mnaikumbuka ile flaya ya chupa ya njano na maandishi mekundu, "inatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume" (hiyo ya mwisho sijui inatibiwaje, ila tuiache). Kila ninayemuuliza anasema aliikuta grupu la watu, sawa, lakini namba ya simu pale chini ni ya chama. Sasa kuna dada wa Dar akapiga, mama yake ana sukari, na tangu aione flaya anapiga vijiko viwili asubuhi na viwili usiku, dawa za hospitali kaziweka pembeni, na yule dada hakupiga kulalamika hata kidogo, alikuwa anaagiza lita tano zaidi. Nikamwambia mama arudi kliniki leo leo na mzigo simtumii. Jamani, asali karibu asilimia 80 ni sukari, hata ingekuwa imetoka porini Sikonge kwenye mzinga wa gogo, mgonjwa wa kisukari inampandisha tu.

Kamati ikakaa, tukakubaliana neno "inatibu" lisionekane popote penye jina letu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na ukishasema bidhaa yako ni tiba ushajipeleka mwenyewe kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wakati sisi ni watu wa chakula na mlango wetu ni TBS, shirika la viwango. Kusema asali inalainisha koo wakati wa kikohozi sioni shida, ila papo hapo useme mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe kabisa, maana inaweza kuwa na vimelea ambavyo tumbo lake haliviwezi. Hiyo ya mtoto tumeiweka kwenye lebo mpya, na kuna waliosema itatisha wateja. Mi naona mama akisoma vile ndo anajua huyu muuzaji ana akili.

La pili ni video za kiberiti na sisimizi, zile zinazosema njiti iliyochovywa kwenye asali halisi inawaka na sisimizi haigusi. Najua zinapata viewz sana. Ila kiberiti kikiwaka kinakwambia tu kwamba maji sio mengi, na sisimizi anakula asali halisi vizuri tu, nendeni mkaangalie stoo zenu. Kibaya zaidi, tukimfundisha mteja vipimo vya uongo vinaturudia wenyewe: asali halisi inaganda, mteja anaiona imeganda anasema mmetia sukari, anarudisha chupa. Na asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambayo tunaiuza bei ya juu, kwa asili yake ni nyepesi, ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, sasa ukimpa mtu kipimo cha kiberiti unategemea nini? Kuanzia sasa tunaonyesha refraktomita, kile kifaa cha kupima maji kwenye asali. Unadondosha tone kwenye kioo, unafunika, unaangalia kwenye mwanga, unasoma. Asali ya nyuki wakubwa maji yasizidi asilimia 20, na ya nyuki wadogo ina lebo yake na maelezo yake, isichanganywe. Kijana wetu wa stoo alirekodi hiyo kwa simu, sekunde kama arobaini hivi, na mpaka leo wenye maduka wanaiomba.

Halafu tulikuwa tunatuma tangazo moja kwa watu wote, hapo ndo hela ya kubusti ilikuwa inapotea. Mama wa hapa mjini anataka ujazo na bei, anakuja na chupa yake. Abiria wa treni anataka kitu kisichovuja kwenye begi. Mwenye duka Dar anauliza alama ya TBS, bakodi, na kama mzigo utapatikana mwaka mzima. Kwa hiyo tumepanga kalenda: msimu wa mavuno tunaonyesha kazi ya porini, kabla ya Ramadhani tunaongea na maduka mapema sio wiki ya mwisho, na mzigo ukiisha tunasema umeisha. Hamna kununua ya Katavi ukaiandika Tabora. Ya Katavi ni nzuri, iandikeni Katavi.

Ofa nazo. Kuandika "ilikuwa 25,000 sasa 15,000" wakati haijawahi kuuzwa 25,000 ni uongo, sina maelezo mengi hapo. Na mtu maarufu akilipwa kutusifia aseme kalipwa.

Mwisho ni picha na namba za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kufanya kazi Mei 2023, kwa hiyo mteja aliyenunua chupa moja usimtupie kwenye grupu la matangazo bila kumuuliza, na akisema mtoe, mtoe. Wazee wa porini tunaowapiga picha tuwaulize kwanza na tuwaambie picha inaenda wapi. Kenya mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi zao 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Katibu ana fomu ya ridhaa, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, asiyejua kusoma asomewe mbele ya ndugu yake.

Tunachopigia kura leo ni kimoja: tangazo lolote lenye jina au namba ya chama lipitiwe na watu watatu kabla halijatoka, na wajibu ndani ya siku mbili ili wasitucheleweshee biashara. Wenye lebo za zamani msizitupe, zileteni stoo tubandike stika juu, ila chupa yenye lebo hiyo bila stika isitoke kwenda sokoni kuanzia leo.