Chini ya ukurasa wenu kuna alama zipi?

Kazi ya kwanza tunayofanya tukikabidhiwa tovuti ya shirika ni kushuka hadi chini kabisa ya ukurasa, kwenye zile alama ndogo za mitandao ya kijamii. Hapo ndipo tovuti inapotaja umri wake. Mara nyingi tunamkuta bado yule ndege wa bluu, wakati Twitter imekuwa X tangu Julai 2023. Mara nyingine tunakuta alama ya Google+, mtandao wa kijamii wa Google uliofungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Mtu aliyekuja kuuliza kama mna nafasi za mafunzo amebofya, amesubiri, ameondoka.

Hatusemi hivi kuwalaumu walioziweka. Wakati ule kila shirika liliambiwa kwamba lisipokuwepo kule litaachwa nyuma. Mtandao wa video fupi wa Vine nao ulivuma hivyo hivyo: ulianza 2013 na video zake za sekunde 6, na Januari 2017 ukazimwa. Hata mtandao usipokufa, hubadili mwenendo bila kumuuliza mtu. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya kurasa za taasisi. Idadi ya wafuasi haikushuka, ila walioyaona machapisho walipungua, na maafisa mawasiliano wengi wakadhani wameshindwa kazi. Halikuwa kosa lao.

Kwa hiyo tunawashauri wateja wetu waandike kwanza kwenye tovuti yao, kisha wamege vipande vya kupeleka mitandaoni. Ripoti kamili, picha zenyewe na tangazo lenye tarehe vikae kwenu. Huko nje pelekeni video fupi, maneno machache na linki ya kurudi nyumbani. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa 6. Shirika lililoweka kila kitu huko halikuwa na mahali pa kumwelekeza mtu siku hiyo.

Lakini nyumbani kwenyewe ni wapi? Hapa ndipo tunapokuta kazi kubwa zaidi. Mradi mpya hupewa tovuti yake, kongamano hupata yake, kampeni ya vijana nayo yake. Mradi unakwisha, tovuti inabaki. Kuna shirika lilitueleza lina tovuti tatu; tulipomaliza kuhesabu zilikuwa saba. Mojawapo, ya kongamano la zamani, domeini yake, yaani jina la anwani yake mtandaoni, ilisajiliwa kwa baruapepe ya mtu aliyejitolea na kuondoka siku nyingi. Ilani za malipo zilikuwa zikienda kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Tulipofika, anwani ile ilikuwa imeshachukuliwa na wengine na inaonyesha matangazo ya kamari, huku jalada la ripoti ya shirika likiendelea kuwaelekeza wasomaji huko huko. Mkurugenzi aliishika ile ripoti mkononi, akakaa kimya. Kwa domeini za .com na .org, muda wa kulipa ukishapita na msajili (kampuni inayosajili majina hayo) akaifuta, kwa kawaida kuna siku 30 za kuikomboa kwa gharama ya juu. Baada ya hapo huachiwa yeyote.

Dawa yake ni daftari moja tu: kila domeini, imesajiliwa kwa jina la nani, inalipiwa lini, imehifadhiwa kwenye seva gani, inaendeshwa na programu ipi na toleo gani, na nani ana nenosiri. Likishakamilika, tunakaa nanyi kuamua ipi iendelee, ipi iunganishwe na tovuti kuu na ipi istaafu. Kustaafisha hakuna maana ya kufuta. Tunahamisha yaliyomo, tunaelekeza anwani ya zamani kwenye mpya, na mnaendelea kulipia jina.

Tovuti zinazofanana tunaweza kuziweka pamoja chini ya WordPress moja, programu ya kuendeshea tovuti. Uwezo huo umo ndani yake tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010. Plagini, yaani kiongezi cha programu, inasasishwa mara moja kwa zote. Ubaya wake ni kwamba ikiharibika, huharibika zote, kwa hiyo hatutumii njia hii pale ambapo matawi yana mamlaka tofauti. Kama mna tovuti bado iko kwenye Drupal 7, programu nyingine ya aina hiyo, tuiangalie mapema: msaada wake rasmi wa kiusalama ulikoma tarehe 5 Januari 2025.

Jambo jingine linalokuja ni vyeti vya usalama, vile vinavyoleta alama ya kufuli kwenye baadhi ya vivinjari. Muda wa juu wa cheti kimoja kutumika umepangwa kupungua kutoka siku 398 hadi 200 kuanzia Machi 2026, na hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Mwenye tovuti saba anayehuisha kwa mkono hataweza. Hilo tunaliweka lijiendeshe lenyewe tangu siku ya kwanza.

Mkitaka tuanze, tutumieni majina ya tovuti mnazozikumbuka. Zilizosahaulika tutazitafuta sisi.