Kwani "wataka" ni kosa?

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kidogo nitoe dukuduku langu.

Binti wa dada yangu kapata kazi ya kaunta kwenye ofisi moja hapa Tanga, wiki ya pili tu kaitwa na bosi wake, mtu wa kuja, kaambiwa aache kuongea kama yuko barazani, hajui Kiswahili. Kosa lenyewe? Mteja kaingia, yeye kamwambia "karibu baba, wataka nini?" Bosi anadai eti "wataka" ni watu wengi na mteja yuko peke yake! Tulicheka mpaka machozi, ila baadae nikaona hapana, maana mtoto siku hizi anaogopa hata kufungua mdomo.

Sasa mhariri, "wataka" hapo ni wewe, yaani "unataka", ile -a- ya wakati uliopo (u-a-taka), ipo mpaka kwenye vitabu vya sarufi. Bara wamezoea -na- kila mahali, hatuwalaumu, lakini huku toka Chumbageni mpaka Tongoni utaulizwa "wenda wapi", utaulizwa "waja lini", na ule msemo wetu wa Tanga "waja leo waondoka leo" mbona watu wote wanauelewa na wanaupenda? Halafu hicho sanifu chenyewe msingi wake ni Kiunguja, wakoloni ndo walikichagua, ikaundwa kamati ya lugha mwaka 1930 ikisimamie. Wangechukua Kimtang'ata cha hapa kwetu, leo bosi ndo angekuwa anarekebishwa yeye.

Ila na sisi tusijifanye. Mimi nauza samaki, asubuhi Deep Sea na wavuvi naongea maneno siwezi kuyaandika hapa, nikienda kwa mama mkwe Mkinga ni Kidigo na sauti ya chini, simu ikipigwa kutoka Dar basi wanangu wanacheka, "mama leo mtangazaji". Mwanangu wa bodaboda kijiweni ni "oya, inakuwaje", akifika mlangoni "shikamoo bibi", hata mabega yanashuka, na hakuna aliyemfundisha. Au njoo kwenye harusi zetu ndugu wa Lunga Lunga, Kenya, wakivuka, Kidigo hicho hicho kimoja, lakini tukiingia kwenye Kiswahili huyu kaja na matatu huyu kaja na daladala, hapo ndo unakumbuka kwamba katikati kuna mpaka wa Horohoro.

Kwa hiyo bosi angesema tu "hapa kazini tunasema unahitaji huduma gani", mtoto angeshika siku hiyo hiyo, kila kazi ina maneno yake. Lakini kumwambia mtoto wa Tanga hajui Kiswahili, mji ambao Shaaban Robert kazaliwa hapo Vibambani mwaka 1909, jamani! (Na yeye alikuwa mtu wa ofisini, karani wa serikali.)

Juzi nimeenda pale kaunta na shida zangu, mtoto kanikazia macho, "Unahitaji huduma gani, mama?" Nikamwambia nami pia wanifanyia hivi? Akageuka kuangalia mlango wa bosi kwanza, ndo akainama, "Haya, wataka nini mama mdogo."

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga