Sherehe za Agosti mitaani zianze na maji na choo

Kwa Mhariri,

Shule zikifungwa mwezi wa Agosti hapa Nairobi, kuta za mitaa ya Kaloleni, Jericho na Bahati hujaa karatasi za matangazo: kandanda ya vijana, siku ya afya, mashindano ya densi, usafi wa mtaa. Ni shughuli njema na watoto wetu wanazihitaji, kwani likizo hiyo ni ndefu kwa mtoto ambaye mzazi wake ameondoka alfajiri kwenda kazini na atarudi usiku.

Tatizo liko kwenye bajeti. Karibu zote huandikwa kwa mpangilio uleule: spika, hema, fulana, mshereheshaji, na mwisho maji, ikiwa kuna kilichobaki. Choo hakiandikwi kabisa. Ndiyo maana ikifika saa saba mchana wasichana na akina mama wenye watoto wachanga huanza kuondoka, na waandaaji husema watu wamechoka. Hawajachoka. Hawana pa kujisaidia.

Tuchukue mfano wa watu 400 wanaokaa uwanjani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kipimo ambacho mashirika ya misaada huanza nacho penye dharura ni choo kimoja kwa watu 50, na vyoo vitatu vya wanawake kwa kila kimoja cha wanaume. Kwa hesabu hiyo unahitaji vinane: sita vya wanawake na watoto, viwili vya wanaume. Kukodi vyoo vinane vya kuhamishika kunaweza kumaliza fedha zote za kamati, lakini hakuna haja. Mwezi wa Agosti vyoo vya shule ya karibu havitumiki. Mwalimu mkuu aandikiwe barua shule zikiwa bado wazi, ikitaja tarehe, saa za kufungua na kufunga, na jina la mtu mmoja atakayebeba dhamana. Ukingoja hadi zifungwe, utamkuta bawabu mwenye funguo lakini asiye na idhini. Makanisa na misikiti mingi pia hukubali ikiombwa mapema na kuhakikishiwa kwamba vyoo vitaoshwa jioni.

Wekeni watu wawili wa kusafisha kwa zamu, na mwalipe. Kijana wa kujitolea atasafisha mara moja kisha atavutwa na mpira. Kila choo cha wanawake kiwe na ndoo yenye kifuniko ya kutupia sodo. Isipokuwepo, sodo huingia kwenye bomba na kufikia alasiri vyoo viwili au vitatu vimeziba.

Sasa maji. Siku ya baridi kama zile za Agosti, lita moja ya kunywa kwa mtu inatosha, ingawa wachezaji wahesabiwe mbili. Kunawa mikono kunahitaji lita moja hadi mbili kwa mtu. Choo cha kumwagia maji kwa ndoo hutumia lita 3 hadi 5 kila mara. Ukijumlisha na ya jikoni, watu 400 wanahitaji lita 4,000 hivi, yaani matangi manne ya lita 1,000. Kosa linalojirudia ni kuagiza bauza la lita 10,000 bila kufikiria maji yatamiminwa wapi. Lori linafika, mapipa ni mawili, dereva ana haraka, na maji yaliyolipiwa yanaondoka nalo. Kosa la pili ni kuweka tangi juu ya meza au mbao ili mfereji uwe juu. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Lipandisheni kwa matofali ya mawe yaliyopangwa sawasawa, nusu mita kutoka ardhini, kabla ya kulijaza.

Kabla ya kuchagua tarehe, someni ratiba ya mgao ya kampuni ya maji ya jiji. Siku yenu iwe ile inayofuata siku ya mtaa kupata maji, mjaze matangi usiku kutoka kwa mfereji badala ya kununua. Maji yakinunuliwa kwa bauza ambalo hamjui limejaziwa wapi, yatibiwe. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu, kwa hiyo tangi la lita 1,000 linahitaji vidonge 50. Viyeyusheni kwanza kwenye ndoo, mmimine, mkoroge vizuri, kisha msubiri dakika 30. Maji yenye matope yaachwe yatulie na kuchujwa kwanza, kwa sababu uchafu huimaliza klorini kabla haijaua vijidudu. Hili si jambo la kupuuza katika jiji ambalo mwaka wa 2017 lilikumbwa na kipindupindu, na baadhi ya waliougua walikuwa wageni wa hafla. Sabuni ya kipande hupotea ndani ya saa moja. Tumieni sabuni ya maji katika chupa iliyotobolewa kifuniko na kufungwa kwa kamba kwenye mfereji.

Chakula nacho kina hatari ambayo watu hawaioni. Pilau ya kilo 40 za mchele, inayotosha watu 400, hupikwa alfajiri katika sufuria kubwa na kufunikwa hadi saa nane. Katikati ya sufuria hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na joto hilo ndilo bakteria wa wali na nyama hupenda. Wengine hutoa sumu isiyoharibika hata mkipasha moto upya. Chakula kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi kinapopakuliwa, na kisichokuwa na joto hilo kisikae zaidi ya saa mbili. Njia rahisi ni kupika kwa awamu mbili katika sufuria ndogo, ya kwanza iive saa sita na ya pili saa saba na nusu. Wapishi wawe na cheti cha afya ambacho hakijaisha muda. Afisa wa afya ya umma wa eneo lenu ndiye wa kuwaelekeza.

Huduma za afya ndizo zinazonipa matumaini zaidi, kwa sababu nyingi ziko tayari. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii nchini wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu, kifaa cha kupima sukari, mizani na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Kila mmoja anahudumia nyumba 100 hivi, na anajua ni nyumba gani ina mgonjwa wa kisukari aliyeacha dawa. Kamati haina haja ya kuleta kikosi kutoka mbali. Iende kwenye zahanati ya mtaa, izungumze na msimamizi wa wahamasishaji hao wiki nne kabla, na iulize swali moja muhimu: vibanzi vya kupimia sukari vipo vingapi? Mashine huwapo, vibanzi huisha. Hapo ndipo pesa za fulana zingefaa kwenda.

Meza ya kupima shinikizo iwe mbali na spika. Mtu akae ameegemea, miguu chini, asizungumze, apumzike dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo. Mshipi mdogo kwenye mkono mnene huonyesha shinikizo la juu lisilokuwepo. Aliyetoka kuvuta kamba au kucheza densi asipimwe papo hapo. Anayefika 140 kwa 90 aandikiwe karatasi ya kwenda kliniki apimwe tena siku nyingine. Asitishwe mbele ya majirani. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake uko chini ya sentimita 11.5, dalili ya utapiamlo mkali, apelekwe kliniki siku hiyo hiyo, na mtu amsindikize mama.

Siku hiyo pia ni nafasi ya kuwasajili wakazi kwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili huanza kwa simu kupitia *147#, lakini wengi huishia hapo. Anayefanya kazi ya kibarua au biashara ndogo lazima pia ajibu maswali ya kutathmini mapato ya nyumba yake, ndipo ajue atachanga kiasi gani. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Tangazo liseme wazi: njoo na kitambulisho, simu yako mwenyewe, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Meza isiyo na pa kuchajia simu husimama kazi saa sita.

Na ikiwa mna ukumbi, waalikeni watu wa huduma ya taifa ya damu. Wanafunzi ni sehemu kubwa ya wachangiaji damu nchini, hivyo shule zikifungwa akiba hupungua wakati hospitali zinaihitaji vilevile. Mchangiaji awe na miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, awe amekula, na atatoa mililita 450 hivi. Wanahitaji kivuli, maji, umeme na pa kulaza watu, kwa hiyo ukumbi wa Kaloleni ambao wanasiasa wa kabla ya uhuru waliutumia kwa mijadala yao ungefaa kabisa kwa kazi hii.

Kuhusu sauti, kanuni za kelele za mwaka wa 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinaweka kiwango cha desibeli 50 nje katika maeneo ya makazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na 35 baada ya hapo. Mazungumzo ya kawaida hukaribia 60, kwa hiyo muziki wowote wa spika unahitaji kibali, kiombwe mapema. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi mahali pa wazi. Spika nne ndogo zilizo karibu na watu, zikielekezwa chini na uwanjani, zitasikika vizuri kuliko mbili kubwa zinazopigia madirisha ya wazee na wagonjwa. Kebo ya kuzungushwa ifunguliwe yote hata kama unahitaji mita tano tu. Ikibaki imeviringwa na kubeba umeme mwingi hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Jenereta izimwe na ipoe kabla ya kuongezwa petroli.

Kasri la hewa ambalo watoto hurukia ndilo linaloniogopesha kuliko vyote, kwa sababu hukodiwa kwa simu na kufungwa kwa haraka. Lifungwe kwa vigingi vya chuma, vya urefu wa sentimita 38 hivi, katika ncha zake zote na zisipungue sita. Mawe na matairi hayatoshi. Upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, yaani miti midogo ikianza kuyumba, watoto watolewe na hewa itolewe. Umeme ukikatika feni husimama na kasri huanguka juu ya walio ndani, kwa hiyo mtu mzima mmoja asimame mlangoni muda wote bila kazi nyingine. Wakubwa na wadogo wasiingie pamoja. Mtoto wa miaka minne huumizwa na anayemwangukia, si na kasri.

Karatasi za serikali si nyingi. Kwa mikutano ya hadhara, Sheria ya Utulivu wa Umma (Sura ya 56) inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, yenye majina kamili ya waandaaji na mahali wanapopatikana, tarehe, saa na mahali pa kukutania, na mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mpira wa watoto si mkutano wa siasa, lakini mwanasiasa akifika na kushika kipaza sauti mambo hubadilika. Pelekeni barua, nakala kwa chifu, na mrudi na nakala iliyogongwa muhuri. Kwenye meza ya watoto waliopotea pawe na nambari 116 ya watoto na 1199 ya ambulensi ya Msalaba Mwekundu, zimeandikwa kwa herufi kubwa.

Taka zitengwe palepale: mabaki ya chakula gunia moja, chupa za plastiki jingine. Vijana wanaouza chupa watazichukua bila kulipwa wakiitwa mapema. Zisichomwe.

Ombi langu kwa Kaunti ya Nairobi ni dogo. Kwenye mlango wa kila ukumbi wa jamii na wa maktaba za Kaloleni na Makadara pabandikwe ubao unaoonyesha ada ya ukumbi, ofisi ya kulipia, nani ana funguo wikendi, siku za mgao wa maji, na afisa wa afya ya umma wa eneo hilo. Leo habari hizo zipo vichwani mwa watu watatu au wanne, na wasipopatikana kamati hurudi kwenye kukodi. Ubao ukiwekwa kabla ya mwisho wa Juni, kamati zitawahi kuwaandikia walimu wakuu shule zikiwa bado wazi.

Mkazi wa Kaloleni,
Nairobi