Michoro ya Kolo isimwagiwe maji

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na walimu wenzangu wanaopeleka wanafunzi kuona michoro ya miambani Kondoa.

Mwezi uliopita niliwapandisha vijana wangu wa kidato cha tatu hadi pango la Mungomi wa Kolo. Kilima ni cha mawe na jua lilikuwa kali, lakini tulipoingia chini ya mwamba kelele zote zilikatika. Ukutani kuna watu wembamba kama fimbo, vichwa vyao vya mviringo, kwa rangi nyekundu iliyofifia. Binti mmoja, ambaye darasani hasemi kitu, alisimama pale akiwahesabu, kisha akaniita nihesabu naye.

Hatujakaa sana, likaja kundi jingine la wanafunzi. Kiongozi wao akafungua chupa, akarusha maji ukutani ili rangi ikolee wapige picha. Ikakolea kweli, dakika chache tu. Kijana wa Kolo aliyekuwa akituongoza alipaza sauti, ila maji yalishamwagika. Niliumia sana. Maji huyeyusha chumvi iliyomo kwenye mwamba. Yakikauka, chumvi hubaki juu kama utando mweupe, na rangi hubanduka kidogo kidogo. Michoro aliyoinakili mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1951, na ambayo UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, haina mtu wa kuichora upya.

Tena pale ni mahali pa watu. Warangi hadi leo hufanya matambiko katika pango hilo. Wapo watakaonijibu kwamba wenyeji nao hunyunyiza pombe ya tambiko. Ni kweli, na suala hilo lina wazee wake wa kulizungumza. Sisi tunaoshuka kwenye basi na kuondoka jioni hatuna tambiko la kufanya pale.

Walimu wenzangu, tuwaeleze wanafunzi jambo hili kabla hawajapanda basi, si wakiwa wameshafika na simu ziko mkononi. Tupitie kwanza ofisini Kolo tupewe mtu wa kutuongoza, naye tumsikilize. Anayetaka picha nzuri, zipo programu za simu zinazokoleza rangi hafifu ndani ya picha yenyewe. Vijana wangu walizijaribu tuliporudi shuleni, na yule binti akagundua miguu ya mnyama ambayo pangoni hatukuiona.

Mwalimu wa Historia,
Dodoma