Barua ya malalamiko: kompyuta niliyoambiwa diski yake imekufa

Kihonda,
Morogoro.

Meneja,
Duka la Kompyuta na Huduma za Ufundi,
Morogoro Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: KOMPYUTA KUNIINGIZA NA KUNITOA PAPO HAPO BAADA YA KUHUDUMIWA NA FUNDI WENU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi. Kompyuta yangu ya mezani, yenye Windows XP, niliinunua kwenu ikiwa imeshatumika, na sikuwahi kuilalamikia. Najua ni ya zamani. Microsoft waliacha kuitolea marekebisho ya usalama tangu tarehe 8 Aprili 2014, ndiyo maana siiunganishi kabisa na intaneti. Nyumbani ina kazi moja tu. Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA chenye wanachama 28, na humo ndimo zilimo hesabu zetu za hisa, mikopo na faini za miaka mitatu.

Tarehe 3 mwezi huu niliileta dukani kwenu kwa sababu flashi ya mwanachama mmoja ilikuwa imeniletea kirusi. Fundi akaisafisha, nikalipa Sh 30,000, nikapewa risiti. Nilipofika nyumbani nikaiwasha, nikabofya jina langu, nikaandika neno la siri. Ikaandika kwamba inapakia mipangilio yangu. Picha ya ukutani ikatokea, na kabla sijashika kipanya ikaandika kwamba inahifadhi mipangilio, ikanirudisha palepale pa kuandika neno la siri. Nikarudia. Nikajaribu akaunti ya msimamizi. Nikabonyeza F8 ili niingie kwa njia ya usalama, nako ikanitoa. Nilikaa mbele ya monita ile mpaka saa sita usiku, naingizwa na kutolewa, huku fedha za watu zikiwa zimeandikwa humo ndani.

Kesho yake niliirudisha kwenu. Fundi yuleyule aliitazama kwa muda usiofika dakika kumi, akanitoza Sh 10,000 za ukaguzi, akasema diski imekufa na mafaili yamepotea, kwa hiyo nikubali kubadilishiwa diski na kupigiwa Windows upya, au ninunue kompyuta nyingine pale dukani. Nikamwomba walau ajaribu kunakili mafaili yangu kwanza. Akajibu kwamba hakuna cha kunakili. Siku ya kugawana hisa ilikuwa imebaki wiki mbili. Nikamshukuru, nikabeba kompyuta yangu nikaondoka nayo.

Kijana wa jirani yangu, aliye chuoni, alikuja jioni na CD ya Ubuntu, yaani mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, akaiwasha kompyuta kwa CD hiyo bila kuigusa Windows. Mafaili yote yalikuwepo. Nililifungua daftari la hisa, na mstari wa kwanza nilioukuta ni wa mama mmoja muuza maandazi: Sh 2,000 kila Jumamosi, bila kuruka hata wiki moja. Hicho ndicho fundi wenu alichosema hakipo. Tulinakili kila kitu kwenye flashi safi, ndipo kijana akaanza kutafuta ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe nawaeleza kama nilivyoelezwa. Ukishaandika neno la siri, Windows huita faili dogo liitwalo userinit.exe, ambalo hukuandalia mazingira yako na kisha kufungua explorer.exe, yaani ile sehemu yenye vitufe na mafaili unayoiona. Jina la faili la kuitwa huandikwa ndani ya rejista, yaani daftari ambamo Windows hutunza mipangilio yake, chini ya Winlogon, sehemu inayohusu kuingia na kutoka. Kirusi kilikuwa kimeondoa jina hilo na kuweka la kwake. Programu ya fundi ikamfuta kirusi, na hapo ilifanya kazi yake, lakini mstari ule ukabaki unaita faili ambalo halipo tena. Windows inaita, hakuna anayeitika, inakutoa nje. Kijana alisoma jina la kirusi kwenye kumbukumbu za programu hiyo hiyo ya fundi wenu, akanakili userinit.exe na kuipa nakala jina hilo. Tukaingia mara ya kwanza. Halafu akaurekebisha ule mstari wa rejista uwe C:\WINDOWS\system32\userinit.exe, na akaiweka hata koma ya mwisho, kwa sababu ndivyo unavyotakiwa kuandikwa, kisha akaifuta ile nakala. Kazi nzima haikumaliza saa moja.

Kuna na jambo la pili. Kwa muda mrefu kompyuta hii ilikuwa ikikwama wakati wa kutoka, na fundi wenu alinifundisha nibonyeze kitufe cha umeme mpaka izimike. Ushauri huo ulikuwa mbaya. Kuizima hivyo wakati inahifadhi mipangilio kunaweza kuharibu wasifu wa mtumiaji, yaani mipangilio yake binafsi. Microsoft walitoa bure programu ndogo ya XP iitwayo UPHClean kwa tatizo hilo hasa la kukwama wakati wa kutoka.

Sikasiriki kwa sababu fundi alikosea, maana kukosea kupo. Kinachoniuma ni kwamba alitamka kitu kimekufa bila kukipima, akapokea fedha kwa tamko hilo, na kama ningemwachia, wanachama 28 wangegawana hisa kwa kukisia.

Naomba mnirudishie Sh 40,000. Naomba pia kila mteja anakiliwe mafaili yake kabla fundi hajafomati chochote, na kila faili linalofutwa liandikwe kwenye risiti kwa jina lake. Nisipojibiwa ndani ya siku 14 nitaipeleka barua hii Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Nitafika dukani Jumatatu saa nne asubuhi nikiwa na risiti zote mbili. Naomba fundi huyo awepo.

Wenu mteja,
Katibu wa kikundi,
Kihonda.